Msaada: hita ya umeme kwa kitalu nyumba kidogo, niko Njombe

Kijana wa Mpechi (mleta uzi):
Wakuu, habari za humu. Niko Njombe, na anayeijua Njombe ya mwezi wa 6 na wa 7 hahitaji maelezo. Nina kitalu nyumba cha nailoni, mita 3 kwa 4, kimo kama mita 2. Ndani kuna trei za miche ya hoho na nyanya, na watu wameshatoa oda. Baridi ya usiku inanimalizia miche. Ninunue hita ya feni au ile ya mafuta yenye mapezi? Usiku silali, naenda kuchungulia trei na tochi. Matusi sitaki.

Ngoja Waje:
Siti ya mbele nimeshika mimi.

Mama Vifaranga:
Pole mwanangu. Mimi nikilea vifaranga Mafinga natumia taa zile za kizamani zenye waya ndani, za wati 100. Tena siku hizi kuzipata ni kazi, madukani wamejaza hizi taa nyeupe zisizo na joto. Nawazungushia hadbodi, chini maranda. Ukiona wamekusanyika katikati, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, joto limezidi. Shida yangu ni shemeji yangu, kila akija kutembea kuku wanapungua, na hakuna anayemuuliza.

Mkulima Halisi:
Hita ya nini? Weka jiko la mkaa, funga mlango, lala.

Fundi Sakiti:
@Mkulima Halisi usimuue mtu. Jiko la mkaa kwenye chumba cha nailoni kilichofungwa linatoa gesi isiyo na harufu. Akiingia alfajiri kuangalia trei ndiyo safari hiyo. Na moshi wenyewe unaharibu miche ya nyanya.
Mleta uzi, tuache hita kwanza. Umeme unautoa wapi?

Kijana wa Mpechi:
Umeme upo mkuu. Nimeuliza feni au mafuta.

Fundi Sakiti:
Upo wapi? Kutoka kwenye mita hadi kitaluni ni umbali gani, na waya wa ukubwa gani?

Kijana wa Mpechi:
Ni hapo hapo nyumbani, nitavuta ekstensheni kupitia dirishani. Ni fupi tu.

Bibi Tausi:
Mbona unajibu kama mtu aliyeulizwa mahari? Luku ya nani?

Kijana wa Mpechi:
Haya. Tunaishi kwa mama mkwe kwa muda, mke wangu yuko masomoni. Luku ni ya mama. Yuko kwenye ile bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, mwisho units 75 kwa mwezi. Bado sijamwambia kuhusu hita, ila hana neno, ananipenda. Na kusema ukweli hita nimeshaichukua kwa jamaa wa mitumba, ya feni, wati 3000, elfu 65. Ni ya Ulaya hiyo, siyo hizi za kuungua. Nilitaka tu kuhakikisha.

Ngoja Waje:
Karanga zimeniisha, naomba mninunulie.

Mzee wa Maadili:
Nyumba ya mkwe huingii hata jikoni, wewe unaingiza hita. Vijana jengeni kwenu, hata chumba kimoja.

Fundi Sakiti:
Mzee, tumalize umeme kwanza. Wati 3000 ni kama ampea 13. Ekstensheni ya dukani yenye waya mwembamba itachemka, hasa ukiiacha imeviringwa. Kitaluni kuna maji, nailoni inatiririka matone kila alfajiri. Bila ethi nzuri, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, na kile kikata umeme kinachohisi uvujaji, sikushauri.

Sasa hesabu. Kuta na paa lako ni kama mita za mraba 42. Nailoni ya tabaka moja inapoteza kama wati 6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Nje nyuzi 5, ndani unataka 12, hiyo ni 42 mara 6 mara 7, karibu wati 1,760. Ikiwaka hivyo kwa muda wa saa 10 ni units 17 na ushee kwa usiku. Usiku wa tano haufiki mwisho, units 75 za mama zote zimeliwa, na hajapiga hata pasi. Kuanzia hapo mnanunua kwa bei ya juu.

Kijana wa Mpechi:
Ina thamostati mkuu, inajizima.

Fundi Sakiti:
Thamostati haileti joto la bure. Nailoni ikipoteza, inawaka tena.

Mswahili wa Leeds:
Huku Uingereza wenye vitalu vya bustanini hawapashi nyumba nzima kwa ajili ya trei chache. Weka miche juu ya meza moja, pinda fito, funika na nailoni ya pili, upashe humo tu. Meza ya mita 1 kwa 2 inaridhika na wati 200 hivi, iwe waya wa kupasha udongo au hata taa za Mama Vifaranga, mradi zisiguswe na maji. Feni ina faida moja, inazungusha hewa na kupunguza ukungu. Mchana fungua, unyevu utoke.

Njiapanda:
Hii chai. Mwezi uliopita ID hii hii ilikuwa Kigamboni inatafuta bajaji ya mkataba. Leo ina kitalu Njombe na mama mkwe. Subirini, itaingia ID nyingine iseme "ninazo hita mkuu, nicheki". Huyu dalali.

Mkulima Halisi:
Nilijua. Kilimo cha Excel hiki.

Kijana wa Mpechi:
Kigamboni ni kaka yangu, akaunti tunatumia wawili. Kama ni uongo, nimepata faida gani?

Njiapanda:
Weka picha ya trei na karatasi ya tarehe ya leo.

Kijana wa Mpechi:
Giza sasa hivi, simu haina flashi.

Njiapanda:
Si ulisema una tochi?

Bibi Tausi:
Njiapanda mwache mtoto wa watu. Hata kama ni chai, hesabu ya Fundi nimeinakili, nina kibanda changu Lushoto. Mleta uzi, kesho asubuhi mwambie mama mkwe, tena units umnunulie wewe.

Kijana wa Mpechi:
Ya meza nimeielewa, fito nitapata. Ila kwa mama nitaanzia wapi, na hita ameshaiona uvunguni akauliza ni redio?

Pita Makambako:
Mleta uzi, hiyo hita unaiachia? Nina 50 mkononi, saluni yangu ni baridi.

Njiapanda:
Si niliwaambia?

Kijana wa Mpechi:
@Pita 60, na uje uichukue mwenyewe, mama akiwa kanisani.