Maiki ya kola kwenye miksa: niwashe 48V?

Swali: Wakuu, maiki ya kola (elektreti, jeki ya 3.5 mm) inasikika vizuri kwenye simu. Kwenye miksa, kwa adapta ya XLR (plagi ya pini tatu), kimya kabisa. Nikiwasha 48V (umeme ambao miksa hulisha maiki kupitia XLR) itafanya kazi? Mbona maiki za kondensa za studio hazidhuriki nao?

Jibu 1: Usiwashe, mkuu. Adapta nyingi za bei rahisi zinaunganisha waya tu, hazipunguzi umeme. Kapsuli ya elektreti ina chaji yake ya kudumu. Kinachohitaji umeme ni FET (transista ndogo) iliyomo ndani: volti 1.5 hadi 10 hivi, chini ya miliampia 0.5. Simu huutoa kupitia rezista, kwenye waya uleule wa sauti. Miksa hutoa 48V kupitia kiloomu 6.8. Maiki ikivuta miliampia 0.3, rezista inakula volti 2 tu, hivyo FET inapigwa na 46. Inaungua.

Jibu 2: Kondensa ya studio imetengenezewa umeme huo. 48V inapita pini 2 na 3 kwa usawa, inarudi pini 1. Miksa inasoma tofauti ya pini hizo mbili tu, kwa hiyo umeme wenyewe hausikiki. Pima na multimita bila maiki: pini 1 na 2, kisha 1 na 3, upate 44 hadi 52. Kati ya 2 na 3 iwe sifuri. Upande mmoja ukikosa umeme, mara nyingi waya umekatika kwenye plagi.

Jibu 3: Tengeneza kisanduku cha betri. AA mbili (3V): chanya iende kwenye rezista ya kiloomu 2.2, kisha waya wa maiki. Hapo rezista na waya zinapokutana, unganisha kapasita ya filamu, mikrofaradi 2.2 ya 100V, hadi pini 2. Hasi, ethi (waya wa ardhi) ya maiki na pini 3 zote ziende pini 1. 48V ibaki imezimwa hata hivyo: ikiwashwa, mshtuko wa kujaza kapasita unamfikia FET.

Kabla ya kulehemu angalia jeki. Ikiwa na mistari mitatu ni ya simu: kwa nyingi za sasa maiki iko shinani, ethi ni pete inayofuata. Ukitumia soketi ya jeki ya mistari miwili, maiki inashotishwa na ethi na utarudi kwenye kimya kilekile.

Muulizaji: Betri zitadumu?

Jibu 3: Kwa miliampia 0.3, AA ya mAh 2000 inazidi saa 6,000. Zitoe mapema zisije zikavuja.