Sarah Biffin aliyechora sura ndogo bila mikono: yule aliyemzungusha alimsaidia au alimnyonya?

dada_wa_tanga
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 19, kazaliwa mikono haijakua, anachora sura za watu penseli ikiwa mdomoni na anachora kweli, sio ya kuonewa huruma. Sasa kuna jamaa kaja nyumbani anataka kumzungusha kwenye matamasha, watu walipe kiingilio wamwone akichora, halafu yeye atakuwa anampa posho kila mwezi. Mama kafurahi, mimi moyo unasita. Juzi nikakutana na habari za Mwingereza mmoja, Sarah Biffin, kazaliwa 1784 hana mikono na miguu haikukua, akaja kuwa mchoraji wa zile picha ndogo za sura watu walizokuwa wanavaa kwenye kidani, na yeye alianza hivi hivi kwa kuzungushwa. Mwenye kumjua vizuri aniambie, yule mtu alimsaidia au alimnyonya? Na mwisho wake ulikuwaje?

fundi_brashi
Dada, umenigusa, mi nachora sura na huyu mama nimemsoma sana. Kwao ni East Quantoxhead, kijiji cha Somerset, hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa kama sentimita 94 tu. Utotoni alijifundisha kushona kwa mdomo, kutunga uzi kwenye sindano, kukata kwa mkasi, kuandika, yaani kabla hajagusa rangi alishakuwa fundi. Ndo akaingia mkataba na bwana Emmanuel Dukes, akazungushwa magulioni watu wanalipa kumwangalia.

Sasa sikiliza hesabu. Picha yake moja juu ya pembe ya ndovu iliuzwa gini 3. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Uingereza na pauni shilingi 20, kwa hiyo hiyo ni pauni 3 na shilingi 3. Na inasemekana Dukes alikuwa anampa pauni 5 kwa mwaka. Picha mbili tu ni pauni 6 na shilingi 6, tayari zimeshapita malipo yake ya mwaka mzima, na hapo hujagusa hela ya kiingilio. Mi sina jina jingine la hiyo zaidi ya kunyonywa.

Na usidhani ile kazi ni nyepesi. Pembe inakatwa jani jembamba kabisa, inasuguliwa itoke mafuta, maana rangi ya maji haishiki pale, inateleza, kwa hiyo hupaki kama ukutani, unaweka vidoa na vistari vidogo vidogo mpaka shavu litokee, na weupe wa pembe unauacha uonekane chini ndo ngozi ya mtu inang'aa. Mwenye vidole kumi inamtoa jasho. Yeye brashi yake ndefu ilikuwa inabanwa kwenye mkono wa gauni hapa begani, anaiongoza kwa bega na mdomo. Kwenye picha aliyojichora mwenyewe unaiona ile brashi imekaa pale pale begani. Mwambie mdogo wako aitafute aiangalie.

nyakio_k
Dadangu hongera kwa huyo msichana. Lakini fundi, usisahau kwamba ni hapo hapo gulioni ndio alionekana. 1808, gulio la St Bartholomew, London, akapita Earl wa Morton, lodi mmoja tajiri. Hakuamini. Inasimuliwa alikaa achorwe na kila wakimaliza anabeba picha anaenda nayo nyumbani, ndio ajue hakuna mtu anaimalizia kwa siri. Alipoona ni yeye kweli akamlipia mwalimu, William Marshall Craig, mchoraji aliyekuwa anafanyia kazi familia ya mfalme. Akapata oda za wakubwa, 1821 akapewa medali, akawa na studio yake London. Bila gulio huyo Earl angempatia wapi, kijijini Somerset?

Kitu inaniuma mimi ni ndoa. Aliolewa 1824 na William Stephen Wright, wakaachana, na inasemekana pesa yake bwana ndiye aliishika akawa anampimia kidogo kidogo. Sasa huyo hakuwa mgeni wa gulioni, ni mtu wa ndani ya nyumba. Kwa hivyo dada usimchunguze tu huyo jamaa wa matamasha, uliza pia akaunti itakuwa kwa jina la nani, hata kama mwenye kuishika ni mama.

pwani_mtu
Niongeze mwisho wake maana ndo uliulizwa. Morton alifariki 1827 na kuanzia hapo mambo yakawa magumu. Malkia Victoria alimpa pensheni lakini haikutosha. Akahamia Liverpool. Halafu 1839 ikatangazwa kamera ya Daguerre, na miaka michache tu mtu anapata sura yake kwa bei ya chini bila kukaa siku nyingi mbele ya mchoraji, biashara nzima ya picha ndogo ikaanza kufa, sio yake peke yake. Watu wa Liverpool walimchangia. Alifariki huko Oktoba 1850 akazikwa makaburi ya St James.

Na sisi wa Unguja tukae tukijua, karne ile pembe za ndovu zilitoka bara zimebebwa vichwani na mabegani mpaka pwani, zikapita Zanzibar kwenda Bombay, London na Marekani. Kila nikiona kile kijipande cheupe cha kidani nawakumbuka waliobeba.

Mwaka 2019 ile picha aliyojichora iliuzwa mnadani Sotheby's pauni 137,500. Na 2022 yakafanyika maonesho yake London, akashirikishwa Alison Lapper, msanii ambaye na yeye kazaliwa bila mikono.

fundi_brashi
@nyakio_k nakubali gulio lilimfungulia mlango, ila ada ya kufundishwa na Craig alilipa Morton, sio Dukes. Dada, muulize jamaa swali moja, kwenye huo mkataba mwalimu yumo? Na picha ikiuzwa, mchoraji anapata ngapi kwa kila moja? Posho ya mwezi usikubali.

Kitu kingine, Biffin alikuwa anasaini kazi zake mwenyewe, nyingine kaandika kabisa kwamba zimechorwa bila mikono.

dada_wa_tanga
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Nimekaa na mdogo wangu jana usiku nikamsomea yote, ile hesabu ya gini kairudia mwenyewe kwa penseli. Picha ya Biffin kaiangalia muda mrefu, kaniomba nimshonee kitanzi begani kwenye blauzi yake ya zamani ajaribu brashi, maana akishika mdomoni muda mrefu taya linamuuma. Kuhusu saini kasema yeye ataandika jina lake tu, hayo ya mikono hayaandiki. Jamaa anakuja Jumamosi, na mama kakubali tukae wote wanne.