Alamu nimefunga mwenyewe, siku ya tatu batri inakufa

Himbi_RunX: Bandugu wa Goma musaidie. Nilinunua alamu Birere, nikaifunga mwenyewe ku gari yangu ya Toyota RunX, siku ya posho (jumamosi) yote iliishia hapo. Waya nyekundu nimeiweka ku batri na fyuzi yake, nyeusi ku masi (chuma cha gari), milango inafunguka na telekomande bila shida. Lakini usiku kila lori ya Fuso ikipita inalia, majirani wamechoka, na gari ikilala siku tatu bila kutembea batri inakufa kabisa, na ni mpya, ya ampere-saa 45.

fundi_katindo: Ya Fuso ni rahisi. Ule mdude wa kusikia mtikisiko uko na kavisi kadogo pembeni, kapunguze kidogo kidogo, kila mara gonga kioo na ngumi uone kama inalia. Barabara zetu za mawe ya volkano zinatikisa mpaka nyumba, usiuache kama ulivyotoka dukani. Batri sasa: ukifunga inapiga bip ngapi?

Himbi_RunX: Tatu. Nilizani njo kawaida yake

fundi_katindo: Hapana ndugu, alamu nyingi zinafunga na moja, ikiongeza inakuambia kuna mlango inaona wazi. Toa kichwa cheusi cha batri, weka multimeta (kipima umeme) katikati yake na batri, ku ampere 10, funga milango yote, ngoja dakika kumi hivi. Ikipita ampere 0.05 kuna kitu kinakunywa.

Mama_Noah: Na tafazali kama uliweka ile relai (swichi ya umeme) ya kuzima gari, ikate umeme wa demarere (ya kuwasha motere) tu, usikate pompi ya mafuta. Yangu fundi alikata pompi, relai ikachoka nikiwa njia ya Sake, motere ikazima na lori iko nyuma yangu, mikono ilitetemeka mpaka nilipofika nyumbani. Niliitoa kesho yake.

Himbi_RunX: Nimepata!! Ilisoma 0.43. Usiku nikachungulia ku kioo cha nyuma nikaona mwanga, kumbe taa ya buti inawaka siku zote, waya ya buti niliyounganisha na alamu nilipitisha chini ya plastiki na visi imeibana ku chuma, ngozi imechubuka, inagusa masi. Nimeikata hapo, nikafunga skochi vizuri, sasa 0.03 na bip moja. Mama Noah, relai yangu iko ku demarere, nimeangalia mara mbili. Asanti sana.

fundi_katindo: Njo hiyo, taa ya wati 5 inakula karibu ampere-saa 10 kwa siku nzima, 45 haiwezi kuvumilia. Chaji batri usiku mzima kwanza.