Wanataka kujenga hoteli ya kitalii msituni, tuanzie wapi?

Hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua sheria za mazingira hapa Kenya.

Msitu wa hifadhi ulio jirani yetu umeanza kupimwa. Vigingi vyenye rangi nyekundu vimefika hadi kwenye chemchemi tunakoteka maji, na tunaambiwa ni hoteli ya kitalii, eti vijana watapata kazi. Kazi gani, kufungua geti? Baraza la wananchi hatujaliona.

Najua Sheria ya Misitu ya 2016 inataka mipaka ya msitu wa umma ibadilishwe kwa kupitia Bunge. Katiba nayo, kifungu cha 70, inakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba umepata hasara. Na Wangari Maathai aliupinga mnara wa Uhuru Park mwaka 1989, haukujengwa.

Swali langu: tuanze na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, kuomba ripoti ya athari za mazingira, au twende moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi kutafuta zuio? Mawakili wa kujitolea wanapatikana wapi? Wazee wetu wanaogopa kutia sahihi.