Nusu-uhai: siku 20 za iodini-131 zinahesabiwaje?

Mwanafunzi, kidato cha sita:
Shikamooni walimu. Tumepewa sampuli ya iodini-131 yenye unururifu wa megabekereli 800, tukaambiwa tuchukulie kuwa nusu-uhai wake, yaani muda ambao nusu yake huoza, ni siku 8, kisha tutafute kiasi kitakachobaki baada ya siku 20. Siku ya 16 zitabaki 200, na siku ya 24 zitabaki 100, hivyo kundi letu likachukua katikati na kupata 150. Kitabu kinasema 141. Tofauti hii inatoka wapi?

Mwalimu wa Fizikia:
Marahaba. Kuchukua katikati ni kudhani kwamba kila siku hupotea kiasi kilekile, kumbe kisichobadilika ni uwiano, kwa sababu kila kiini cha atomu ambacho hakijaoza kina uwezekano uleule wa kuoza kesho, hata kiwe kimekaa muda gani. Tazameni hesabu yenu: kutoka 200 hadi 150 mmezidisha kwa 0.75, na kutoka 150 hadi 100 mmezidisha kwa 0.667, ilhali vipindi vyote viwili ni vya siku nne. Siku nne zinahitaji kizidishio kimoja ambacho kikizidishwa kwa chenyewe kinatoa 0.5. Hicho ni kipeuo cha pili cha 0.5, yaani 0.707, na 200 mara 0.707 ni 141.4. Kwa jumla, N = N₀ × (1/2)^(t/T), ambapo N₀ ni kiasi cha mwanzo, N ni kinachobaki, t ni muda uliopita na T ni nusu-uhai. Hapa kipeo ni 20/8, sawa na 2.5, na hakuna kanuni inayodai kipeo kiwe namba kamili.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea kwamba N = N₀e^(−λt), ambayo wanafunzi wengi huiogopa, ni kanuni hiyohiyo, isipokuwa inatumia e, msingi wa logi asilia, na λ, kigezo cha kasi ya kuoza, ambacho ni 0.693 gawanya kwa nusu-uhai; kwa iodini hii ni 0.0866 kwa siku. Faida yake huonekana pale kinachotafutwa ni muda. Mkiulizwa ni lini zitabaki megabekereli 30, chukueni logi asilia ya 800/30, ambayo ni 3.283, mgawanye kwa 0.0866, mtapata siku 37.9. Jibu hilo lipimeni papo hapo: siku ya 32 zinabaki 50 na siku ya 40 zinabaki 25, kwa hiyo 30 lazima iangukie kati yake, karibu zaidi na 40.

Mtaalamu wa tiba ya nyuklia:
Mimi nasisitiza vipimo vya muda, maana hapo ndipo alama nyingi hupotea. Teknesiamu-99m, tunayoitumia kupiga picha za mifupa, ina nusu-uhai wa saa 6, hivyo λ ni 0.1155 kwa saa. Mtu akiulizwa kuhusu siku moja akaweka t = 1, kikokotoo kitampa asilimia 89, ilhali saa 24 ni nusu-uhai nne kamili na kilichobaki ni asilimia 6.25 tu. Kuhusu iodini, nusu-uhai wake halisi ni takriban siku 8.02, na mkiutumia huo mtapata 142.0 badala ya 141.4.