Mjadala: Fedha za kuwaokoa samoni ziende kwenye kukarabati mito au kwenye kuwahesabu samaki?

Mtoa hoja

Ndugu zangu, naomba tulijadili swali ambalo hapa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ninapoishi, huibuka kila bajeti ya mazingira inapofika mezani. Fedha za umma zinazotengwa kwa mito ya samoni zitumike zote kukarabati makazi ya samaki hao, au sehemu yake ilindwe kwa ajili ya ufuatiliaji, yaani kuhesabu samaki, kupima maji na kuchunguza mizoga, kabla ya ukarabati na kwa miaka mingi baada yake? Bajeti inapobana, fungu la ufuatiliaji ndilo hukatwa kwanza, kwa sababu miti iliyopandwa ukingoni hupigwa picha, ilhali daftari la hesabu halimvutii mtu. Msimamo wangu ni kwamba fungu hilo liwe la lazima, na mradi usiokuwa nalo usiidhinishwe.

Kwa wasiomfahamu samaki huyu, samoni huanguliwa ndani ya changarawe ya kijito chenye maji baridi, hushuka baharini angali mdogo kama kidole, hukulia huko, kisha hurudi kwenye maji yale yale alikozaliwa, akiongozwa kwa sehemu kubwa na harufu yake, ili atage na kufa. Asipoonekana, kutazama kijito peke yake hakutoshi kukuambia kama alifia hapo hapo, bwawani, baharini au wavuni.

Majira ya vuli nilijitolea pamoja na majirani kutembea kando ya kijito cha Longfellow, magharibi mwa Seattle, kutafuta mizoga ya samoni wa aina ya koho. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Unamvuta samaki hadi ukingoni, unampima urefu, unampasua tumbo kwa kisu, kisha unamkata mkia ili atakayepita kesho asimhesabu mara ya pili. Jike aliyekwisha kutaga tumbo lake huwa limenywea, limebaki na punje mbili tatu. Yule niliyempasua siku ya kwanza alimwaga mayai mkononi mwangu, ya rangi ya chungwa, kila moja kama punje ndogo ya njegere, kwa mamia na mamia, na hakuna hata moja lililokuwa limeingia kwenye changarawe. Alikuwa mnene, ngozi yake inang'aa, hana jeraha lolote.

Kijito hicho, pamoja na vingine vya jiji hili, kilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000: vizuizi viliondolewa, magogo yakawekwa, miti ikapandwa, na koho wakarudi. Laiti kazi ingeishia hapo, tungeandika kwamba mradi umefanikiwa. Wahesabuji ndio walioona kwamba baada ya mvua samaki walikuwa wakizunguka juu ya maji huku wameachama vinywa, na kwamba baada ya saa chache walikuwa wamekufa. Katika vijito vya mijini, kati ya asilimia 40 na 90 ya koho waliorudi walikuwa wakifa kabla ya kutaga. Wataalamu walipima joto, oksijeni, magonjwa na dawa za wadudu wasipate jibu, mpaka Desemba 2020 ilipotangazwa kwamba kiini chake ni kemikali ya 6PPD, inayotiwa kwenye matairi ya magari ili yasipasuke haraka, ambayo ikikutana na ozoni ya hewani hugeuka kuwa sumu inayoitwa 6PPD-kwinoni. Mvua huisukuma kutoka barabarani hadi kijitoni. Kilichofurahisha ni kwamba majaribio ya awali yalikuwa yamekwisha kuonyesha kuwa maji ya barabarani yakipitishwa kwanza kwenye udongo uliochanganywa na mboji, koho hawafi. Dawa ilikuwa juu ya kijito, barabarani, wakati fedha zote tulikuwa tumezimwaga ndani ya kijito.

Kuna kosa jingine la zamani ambalo wengi wamelisahau. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 idara za serikali katika majimbo ya Oregon na Washington zilitoa magogo mitoni kwa nia njema kabisa, zikiamini kwamba yanawazuia samoni kupanda. Baadaye ikaonekana kuwa magogo hayo ndiyo yaliyokuwa yakichimba vidimbwi vya kina, kushika changarawe na kuwapa vifaranga kivuli na maficho, na leo tunalipia helikopta kuyarudisha. Kwa miaka yote hiyo kosa liliitwa ukarabati, kwa kuwa hakuna aliyerudi kuhesabu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini, na nakuheshimu kwa kuingia majini mwenyewe, lakini hoja yako ina hatari ambayo hukuitaja. Kwenye bwawa la Bonneville, katika mto Columbia, samaki wamehesabiwa tangu 1938. Nyuma ya kioo kilicho kando ya ngazi ya samaki, yaani njia ya maji yenye vidaraja inayowawezesha kupanda na kupita bwawa, hukaa mtu ambaye kazi yake ni kumtambua na kumhesabu kila apandaye. Baadaye zikaongezwa chipu zinazolingana na punje ya mchele, ambazo huingizwa katika mwili wa kifaranga na kusomwa na mitambo kila anapopita bwawani. Ni vigumu kumtaja samaki mwingine aliyehesabiwa kwa bidii ya namna hiyo.

Je, hesabu hiyo imewafaa nini samoni wa mto Snake, unaomwaga maji yake Columbia? Mabwawa manne ya sehemu ya chini ya mto huo, kuanzia Ice Harbor hadi Lower Granite, yalijengwa hadi 1975. Samoni wekundu wa ziwa Redfish, huko Idaho, hupanda takriban kilomita 1,450 kutoka baharini na kuvuka mabwawa manane. Mwaka 1992 alifika mmoja tu, naye alikuwa dume. Hesabu ilikuwa sahihi, wala haikumletea jike. Septemba 2022 wataalamu wa serikali kuu katika NOAA, idara inayosimamia bahari na samaki wake, waliandika bayana kwamba kuondoa kuta za mabwawa ya Snake ni hatua ya msingi kama samoni wa huko watakiwa wawe wengi kiasi cha kuvuliwa. Desemba 2023 serikali kuu ikatia saini makubaliano ya kuwarejesha samoni na majimbo ya Oregon na Washington pamoja na makabila manne ya wenyeji asilia, na Juni 2025 Rais Donald Trump akayafuta. Katika mlolongo wote huo hakuna mahali palipokosekana takwimu.

Mgonjwa anayepimwa joto kila saa bila kupewa dawa hauguzwi. Makabila ya Nez Perce, Yakama, Umatilla na Warm Springs yalipoachia ardhi kwa mikataba ya 1855, yalijiwekea haki ya kuvua samaki katika maeneo yao ya asili, na haki hiyo haikuwekewa sharti la kusubiri utafiti mwingine. Nahofia kwamba ukiwapa wapinzani wa ukarabati sheria inayosema "tufuatilie kwanza", watafuatilia mpaka samaki wa mwisho. Mahali ambapo tiba inajulikana, na kubomoa ukuta unaoziba mto ni tiba inayojulikana, fedha ziende kwenye kubomoa.

Mchangiaji wa pili

Mimi nina jambo moja fupi. Kabla hatujabishana kama tuhesabu au tusihesabu, tuulizane tunamhesabu nani. Vituo vya kutotoleshea vifaranga huachia mamilioni ya samoni kila mwaka, na vingi huwakata pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia ili watambulike wakirudi. Ukijumlisha wote pamoja, idadi hupanda na kila mtu hupongezwa, ilhali samoni wa porini wanapungua. Mwaka 2023 William Jaeger na Mark Scheuerell walichapisha uchambuzi wa takwimu za bonde la Columbia wakaonyesha kuwa, baada ya kutumika zaidi ya dola bilioni 9, hapakuwa na ushahidi wa ongezeko la samoni wa porini; walioongezeka ni wale wa vituoni. Fungu la ufuatiliaji lisilowatenganisha hawa na wale ni afadhali lisiwepo, maana linatupa faraja ya uongo.

Mtoa hoja

Nawashukuru nyote wawili. Nianze na mchangiaji wa pili, kwa kuwa nakubaliana naye kikamilifu, na pia kwa kuwa mfano wake unaniunga mkono: uchambuzi huo wa 2023 usingewezekana kama miongo ya hesabu isingekuwepo. Dola bilioni 9 zingeendelea kuhesabiwa kama mafanikio.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kuhusu Snake sina la kukupinga. Huko takwimu zimekamilika, kinachokosekana ni uamuzi, na anayeomba utafiti zaidi ili asiamue anawadhulumu samaki na makabila pamoja. Lakini unaposema kwamba ukuta ukibomolewa tiba imekamilika, naomba tuitazame mito miwili ambako kuta zimekwisha kubomolewa.

Mto Elwha, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Washington, ulikuwa na mabwawa mawili: la Elwha, lililokamilika 1913 bila njia ya samaki, na la Glines Canyon la 1927, lenye kimo cha mita 64. Ubomoaji ulianza Septemba 2011 na kumalizika 2014, na zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito vyake zikafunguka. Hata hivyo, wataalamu waliokuwa wakifuatilia samaki wakaona kwamba samoni hawapiti vizuri pale pale palipokuwa na ukuta wa Glines, kwa sababu mawe makubwa yalikuwa yameporomoka na kuziba korongo. Yalilipuliwa, samaki wakapita. Nani angejua, kama kila mtu angeondoka siku tingatinga zilipoondoka? Tena kabila la Lower Elwha Klallam lilikubali kusitisha uvuvi mtoni humo tangu 2011, na wataalamu wake wenyewe wakawa miongoni mwa wahesabuji. Ni hesabu hiyo iliyowawezesha, vuli ya 2023, kurudi mtoni kuvua koho kwa ajili ya ibada na chakula, baada ya miaka kumi na miwili ya kusubiri. Kwao daftari lilikuwa ndilo mlango wa kurudia haki yao, wala halikuwa kisingizio cha kuichelewesha.

Wa pili ni Klamath, unaoanzia Oregon na kuingia California, ambako mabwawa manne yaliondolewa kati ya 2023 na 2024. Februari 2024, wakati maji ya bwawa la Iron Gate yakiteremshwa, vifaranga wapatao 830,000 wa samoni wa aina ya Chinook waliachiwa juu ya ukuta huo kutoka kituo cha Fall Creek. Mitego ya ufuatiliaji iliyowekwa upande wa chini ikaanza kunasa vifaranga waliokufa kwa wingi, wakiwa na dalili za mapovu ya gesi mwilini, na ikabainika kwamba kupita kwenye handaki la bwawa ndiko kulikowaua. Vifaranga waliofuata waliachiwa chini ya bwawa. Oktoba mwaka huo huo, wachunguzi wakawaona Chinook wa vuli wakiwa Oregon, juu ya mahali lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle, kwa mara ya kwanza tangu 1912. Kumbuka pia Septemba 2002, samoni wasiopungua 34,000 walipokufa katika sehemu ya chini ya Klamath kwa maji haba, yenye joto na yaliyojaa maradhi. Mizoga ile ilihesabiwa, na makabila yaliitaja idadi hiyo katika kila kikao kwa miaka ishirini mpaka kuta zikaanguka.

Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu, kwa sababu pingamizi lako ni la haki. Sitaki sheria inayosema "tufuatilie kwanza". Nataka kila mradi, kabla ya koleo la kwanza kuingia udongoni, uandike mambo matatu: idadi ya samoni wa porini waliopo leo, idadi ambayo ikifikiwa au isipofikiwa italazimisha hatua, na hatua yenyewe ni ipi na nani ataitekeleza. Ufuatiliaji udumu walau vizazi vitatu vya samaki, ambavyo kwa koho ni miaka tisa, tofauti na miaka miwili ambayo wafadhili wengi huridhika nayo. Na pawepo kijito jirani kisichoguswa cha kulinganisha, kama walivyofanya katika kijito cha Bridge, Oregon, walikoweka vizuizi 121 vya nguzo na matawi kwa kuiga biva, yule mnyama mgugunaji anayejenga mabwawa madogo mitoni. Idadi ya vifaranga wa steelhead, samaki wa jamii ya samoni, na uhai wao vilipanda kuliko katika kijito cha kulinganishia, na kwa kuwa ulinganisho ulikuwepo, hakuna aliyeweza kusema kwamba ilikuwa bahati ya mwaka wenye mvua nzuri.

Sasa nikuulize wewe uliyenipinga. Ikiwa idadi ya kuchochea hatua ingekuwa imeandikwa na kutiwa saini kwa ajili ya mto Snake mwaka 1991, samoni wekundu walipotangazwa rasmi kuwa hatarini kutoweka, je, unadhani ingewabana watawala, au wangeifuta kama walivyofuta makubaliano ya 2023? Nauliza kwa sababu jibu lako ndilo litakaloamua kama kipengele hiki kiandikwe ndani ya sheria au ndani ya mkataba na makabila, na mimi mwenyewe naelekea kwenye mkataba.