Tupeane uzoefu: siku ya kupigwa picha za ngoma, nini kiliwakuta?

Binti Kibwebwe
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kinapigwa picha mwezi ujao ufukweni Bagamoyo, tukicheza ngoma za sindimba na msewe, za kuombea nafasi ya kushiriki tamasha. Leo mpiga picha kanipigia ananiuliza, "Hizo ngoma kuna haja ya kuzibeba? Si mtacheza tu?" Nikakosa la kujibu.

Maana tulishawahi kupigwa picha hivyo. Tulipangwa mstari saa saba mchana, jua la utosini, kila mtu macho yamezama kwenye kivuli na paji la uso linamulika. Ngoma zimelazwa pembeni. Tunaambiwa, "Inua mguu, ganda hapohapo, tabasamu." Jamani, sindimba inatoka kiunoni, na kiuno kinaitwa na ngoma. Ngoma isipolia unabaki umesimama kama abiria anayesubiri daladala. Picha zilipokuja, meno yote yapo nje na hakuna hata mmoja anayecheza. Bibi mmoja wa kikundi alizitazama, akazirudisha kwenye bahasha bila neno.

Safari hii sitaki. Waliopitia haya naomba mseme mlijiandaaje.

Mpiga Chapuo
Dada, ngoma ziende kabla ya watu. Umenikumbusha mbali sana.

Sisi tulikuwa ufukweni alfajiri, upepo wa bahari umelowesha kila kitu, ngozi zimelegea. Nikapiga chapuo, ile ngoma ndogo, ikatoa sauti ya mtu anayegonga godoro. Hapo dawa ni moja tu, moto wa makuti. Unaishika ngoma mbali kidogo na moto, unaizungusha, unagonga kwa ncha za vidole huku umetega sikio. Sauti ikipanda na kukaza, ondoa haraka, ukizidisha ngozi inapasuka. Basi tumewasha, makuti yameshika vizuri, akatokea mlinzi wa eneo na ndoo ya maji. Hakusalimia. Akamwaga yote, na mengine yakarukia msondo, ile ngoma ndefu.

Mzee wetu wa msondo alivua shati lake akafuta ile ngozi taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu akaiinamisha ngoma kuelekea mashariki, akakaa kulisubiri jua. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Tulianza kucheza jua limeshapanda, ule mwanga tuliouamkia umekwisha. Kwa hiyo kibali cha eneo kitaje na moto, kwa maandishi.

Kaka Njuga
Mlinzi wa aina hiyo tunamjua wote. Nakazia.

Fundi Lenzi
Mimi nipo upande wa kamera, nimepiga sana vikundi vya ngoma. Mpiga picha anayeuliza kama ngoma zina haja, mwalike mazoezini kabla hamjampa hata senti. Asikie mapigo. Kila ngoma ina pigo ambalo mguu unatua na pigo ambalo mwili unapanda, na asiyelijua atawanasa wote mkiwa katikati, mmefumba macho.

Miguu inayokanyaga haraka haigandi kwa shata ya chini, yaani kamera ikifunga polepole. Aanzie 1/500 ya sekunde, mkiruka apande mpaka 1/1000. Ndiyo maana mwanga ni wa kugombania. Anzeni jua likichomoza, saa tatu mmefunga kazi, au mrudi saa kumi na moja jioni.

Halafu Bagamoyo maji yanakupwa mbali. Bahari ikijaa mtabanwa kwenye mchanga laini unaomeza miguu, mchanga mgumu wa kuchezea upo maji yakiwa yametoka. Yanachelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo mkiahirisha kwa siku tatu, hesabu yenu yote imehama. Waulizeni wavuvi.

Na msijipake mafuta. Yanarudisha mwanga vibaya.

Mama Upatu
Fundi, kwa yote nakuheshimu ila hilo la mafuta hapana. Mchezaji anapaka mafuta ya nazi ili mikono na mgongo vionekane vinafanya kazi. Ngozi kavu kwenye picha inakuwa ya majivu. Kama kamera yako haiwezi ngozi yetu, badilisha unavyopima mwanga.

Fundi Lenzi
Mama, mgongoni sawa, nakubali. Nilisema usoni.

Mama Upatu
Hukusema usoni. Ulisema "msijipake". Panda juu ukasome.

Dogo wa Kinondoni
Ongezeni rangi. Shanga za Kimasai shingoni zinatoka vizuri sana kwenye picha, wageni wanazipenda.

Mzee wa Newala
Kijana, shanga za Kimasai kwenye sindimba? Sindimba ni ya Wamakonde. Kitambaa kinafungwa kiunoni ili mtikisiko uonekane, huko ndiko macho yanakotakiwa kwenda. Ukimvisha mchezaji mashada shingoni unayapeleka macho kwingine. Kila ngoma ina wenyewe. Hata hiyo msewe ya Pemba, wanachovaa miguuni ndicho kinachojibu ngoma, hakikuwekwa kwa ajili ya wageni.

Dogo wa Kinondoni
Shikamoo mzee. Lakini sanaa inakua. Hata vyuoni wanachanganya ngoma jukwaani.

Mzee wa Newala
Marahaba. Mimi nilikuwepo Bagamoyo kikiitwa Chuo cha Sanaa, kabla ya 2007 hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tulichanganya ngoma, ndiyo, ila kila moja uliingia nayo na vazi lake, na mwalimu alikurudisha nje ukikosea fundo la kitambaa.

Ng'wana Bujora
Nyie mnagombania shanga, sisi tulipigwa picha na chatu.

Tulikuwa tunajiandaa na Bulabo, zile ngoma za Juni kule Bujora, Mwanza. Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana, wakikutana, kila upande unataka kuwavuta watazamaji wote kwake, hivyo tukataka picha za kutisha. Bugobogobo, ngoma ya majembe, na majembe yetu, na Bayeye wawili, wale wanaocheza na nyoka, waje na nyoka wao. Mahali ni juu ya mawe makubwa yanayotazama ziwa.

Mpango ulikuwa alfajiri, na wenye nyoka walisisitiza: chatu akiwa na baridi ni mpole, unamvaa shingoni unacheza naye. Mpiga picha akachelewa. Jua likapanda, jiwe likapata moto, na kikapu kimewekwa juu ya jiwe. Alipofika na kusema "haya, mtoeni", yule aliyetoka siye tuliyemzoea. Alimponyoka mwenye nyoka mikononi, akashuka jiweni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera na kuanza kujisokota nayo kupanda juu, polepole, hana habari na mtu.

Mpiga picha aliruka upande wa ziwa. Majembe yalianguka yote kwa pamoja, mlio wake ukajibiwa na mlima wa pili. Watu waliokimbia ni wengi, ila wapiga ngoma wetu hawakuacha. Walipunguza pigo, na yule Myeye mkubwa akaanza kuimba, akasogea akiimba, akamshika nyuma ya kichwa, akamkunjua mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kamera ikatoka nzima.

Kaka Njuga
Mpiga picha aliogelea?

Dada wa Ilemela
Picha zipo? Tuwekee.

Ng'wana Bujora
Aliokolewa na mtumbwi wa wavua dagaa. Picha ipo moja tu, msaidizi aliipiga kwa simu. Myeye anaimba, mkono mmoja kwenye chatu, nyuma yake mpiga ngoma kafumba macho. Ndiyo iliyotumika.

Mama Upatu
Huyo angepakwa mafuta mngemwona vizuri zaidi.

Binti Kibwebwe
Wakuu, turudi Bagamoyo kabla uzi haujaliwa na nyoka. Kula je? Wengine wananiambia tufunge mpaka tumalize.

Dada wa Ilemela
Kuleni uji na kiazi saa kumi na moja alfajiri. Mwenzetu alizimia akiwa na njuga mguuni.

Mpiga Chapuo
Usile. Tumbo linaonekana.

Dada wa Ilemela
Wewe unacheza umekaa. Nyamaza.

Sauti ya Tanga
Andikianeni picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Mimi nilijikuta kwenye bango la hoteli, uso wangu mkubwa kuliko mlango, sijalipwa hata nauli. Nilipouliza nikaambiwa nilikubali kupigwa picha.

Binti Kibwebwe
Hiyo naichukua, nitaandika kesho. Nimemjibu mpiga picha: ngoma zinakuja, na Jumamosi aje mazoezini. Amesema atakuja. Sasa natafuta njuga za kuazima jozi nne, kwa walio Dar au Bagamoyo. Tutaweka kitambaa chini zisichubue.

Mzee wa Newala
Ninazo jozi mbili. Njoo uzichukue, na uje na hicho kitambaa cha kiunoni nikuoneshe fundo.